Jeni Haina Kuumeni wala Kukeni

Kazi yangu ilikuwa kukata nyama, na katika pwani yote ya kusini sijui mtu aliyekata vipande vyembamba kuliko vyangu. Tatizo ni kwamba nyama yenyewe ilikuwa ya watu. Jirani zangu hapa Msambweni walipolijua hilo, waliacha kabisa kuniita kwenye kuchinja. Harusini nikimkaribia mbuzi na kisu mkononi, utamsikia mtu akisema kwa upole, "Mzee Bakari, wewe pumzika, una kazi nyingi." Nimestaafu sasa, sina kazi hata moja, na bado napumzishwa.

Ninyi vijana mlioingia maabara juzijuzi mmenitaka niwaeleze habari ya jeni zinazozuia saratani. Mmesema mwalimu wenu aliwafundisha mchana kutwa na mkatoka mmechanganyikiwa kuliko mlivyoingia. Msimlaumu. Mimi nilielewa baada ya kufundishwa na watu wa aina tatu: mzee wa nta, daktari wa bara na mama mkwe wangu, na huyo wa mwisho ndiye aliyenitoa jasho.

Tuanze na nta, kwa sababu bila nta hakuna kazi. Daktari akimkata mgonjwa kinyama chenye mashaka, huja kwetu ndani ya kichupa cha dawa ya kuhifadhia. Sisi tunakikausha maji, tunakizamisha katika nta ya moto, nta ikiganda tunakifunga kwenye mashine yenye kisu na kukikata vipande ambavyo ukivipulizia pumzi havionekani tena. Kila kipande kinaelea juu ya maji ya uvuguvugu, unakinasa kwa kioo, unakitia rangi, na daktari anakitazama kwa hadubini. Ni kazi ya utulivu. Ukipiga chafya umemfanya mtu arudi hospitali kukatwa tena.

Sasa vitabu vyote vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanakwambia uache nta igande yenyewe. Huku kwetu, mwezi wa pili, nta haigandi hata ukiisomea dua. Mzee Karisa, aliyenifundisha kazi, alikuwa na dawa yake: friji ikizimika kwa kukatika umeme, alivuka barabara hadi kwa wauza samaki akarudi na barafu ndani ya ndoo. Tukavilaza vile vibonge vya nta juu ya barafu na vikaganda vizuri ajabu. Siku moja daktari mgeni aliweka kioo kwenye hadubini, akanusa, akanusa tena, kisha akauliza kwa heshima kama hili ini ni la mtu au la nguru. Karisa akamjibu kwamba la ndani ni la mtu, harufu ni ya mkopo.

Karisa alikuwa na ukali wa kipekee. Hakupenda feni, kwa sababu feni ilipeperusha vipande, hivyo tulifanya kazi huku jasho likituchuruzika mpaka kwenye soksi. Wakati wa kukata hakuruhusu mtu kuzungumza, na hasa hakuruhusu kuchekeshwa. Alikuwa na sharti moja ambalo naliweka juu ya yote: sampuli ya mtu wa nyumbani kwako usiikate wewe. Mpe mwenzako. Alisema mkono unaompenda mtu hautulii kwenye kisu. Nilidhani ni maneno tu ya kizee, hadi siku ilipoletwa sampuli ya Saumu, dada wa mke wangu. Nilisoma jina kwenye kichupa, nikampa mwenzangu Wafula, nikatoka nje nikasimama kwenye jua. Saumu alifariki kabla ya mwaka kumalizika. Alikuwa mcheshi, mpishi hodari wa mahamri, na mimi nilimpenda kama dada yangu wa tumbo moja. Mkumbukeni, kwa sababu habari yote inamzunguka.

Jeni zilikuja kwetu pamoja na daktari wa bara, mwanamke mfupi asiyechoka, aliyependa kufundisha hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Miaka ya mwanzo, rangi zetu zilikuwa zambarau na waridi tu. Seli zikionekana zimekaa hovyo, basi ni saratani, kwa nini zimekaa hovyo hatujui. Yeye akaleta rangi mpya, ya kahawia, inayoshika protini moja tu kati ya maelfu. Protini hiyo ni mlinzi wa seli na inaitwa p53, jina ambalo Wafula alilichukulia kuwa ni barabara ya kwenda Taru.

Daktari alitueleza mara ya kwanza kwa lugha ya chuo, na sote tukaitikia kwa vichwa kama watu walioelewa. Mara ya pili alitueleza baada ya kualikwa harusi kwangu, na hapo ndipo tulipoelewa kweli.

Ilikuwa hivi. Daktari aliona masufuria ya pilau jikoni uani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujituma, akachukua sahani kubwa akaanza kupakua. Bibi wawili waliokaa kwenye vigoda wakamshika mkono, mmoja huku na mmoja huku. Mmoja alikuwa wa upande wa baba wa bi harusi, wa kuumeni, na mwingine wa upande wa mama, wa kukeni. Kwetu ni lazima wawe wawili, kwa sababu hakuna upande unaouamini upande mwingine kwa chumvi. Kazi yao ni kuonja. Sufuria haipakuliwi kabla haijaonjwa. Ikiwa imezidi chumvi, wanaisimamisha irekebishwe, inatiwa viazi, inaongezwa maji. Ikiwa imeungua kiasi cha kutofaa, wanaamuru imwagwe yote, hata mpishi akilia. Na yeyote kati yao anaweza kusimamisha sufuria peke yake, bila kumuuliza mwenzake, jambo ambalo huwapa furaha kubwa.

Daktari alirudi kazini kesho yake akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Akasema seli ya mwili nayo hujigawa, moja ikawa mbili, na kabla ya kujigawa hunakili maagizo yake yote, na katika kunakili kuna kukosea. Jeni za kuzuia saratani ndizo hao bibi wa vigoda. Hutengeneza protini zinazokagua. Zikiona kosa, zinasimamisha seli isijigawe. Kuna zinazoita mafundi wa kurekebisha maagizo yaliyoharibika. Kosa likiwa halirekebishiki, zinaiamuru seli ijiue, na seli inajiua bila kelele. Kila siku mwilini mwenu mnamwagwa masufuria mengi na ninyi mnakunywa chai tu.

Na kama harusini, akasema, kila seli ina nakala mbili za kila jeni ya aina hiyo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Bibi mmoja akisinzia, mwingine anaonja, na shughuli inakwenda. Hatari ni pale wote wawili wanaposinzia kwenye seli moja. Hapo hakuna wa kusimamisha sufuria, na seli hiyo inajigawa hovyo, ikizaa wenzake wenye makosa yale yale na mengine juu yake. Wengi wetu tumezaliwa na bibi wawili walio macho, na ili wote wawili wapotee ndani ya seli moja inachukua umri mrefu, moshi wa sigara, jua, na bahati mbaya ya kawaida. Ndiyo maana saratani nyingi haziji kwa urithi, na ndiyo maana nyingi huja uzeeni.

Wafula alilishika somo hilo kwa mikono miwili. Yeye ni mtu wa Bungoma, alikuja Ukunda kutafuta kazi ya hoteli, akaishia maabara, na lugha yake ilibaki ya huko na huku. Wiki hiyo hiyo alipaka ile rangi ya kahawia kwenye sampuli ya mgonjwa mmoja, akatazama, akaniita kwa shangwe.

"Mzee, huyu ako poa kabisa. Cheki walinzi wamejaa mpaka mlangoni."

Kweli kioo kilikuwa kahawia tupu, kila seli imeiva. Nikafurahi naye, tukampelekea Daktari kwa mwendo wa watu wanaoleta habari njema. Alitazama, kisha akatueleza taratibu. Mlinzi mzima akimaliza kazi yake huondolewa upesi, kwa hiyo kwenye seli yenye afya humwoni sana, utaona kahawia kidogo hapa na pale. Mlinzi aliyeharibika ndiye haondoki. Anarundikana, anajaa, anaziba mlango na hafanyi kitu. Kahawia nyingi namna ile maana yake ni bibi wengi waliolala fofofo kwenye vigoda. Wafula alikaa chini. Tangu siku hiyo, akiona ofisi imejaa wakubwa, alisema tu, "Kahawia," na sote tukaelewa. Nanyi kumbukeni: wingi wa rangi si furaha wala huzuni mpaka ujue inashika nini.

Sasa nije kwa mama mkwe, na hapa ndipo jasho lilipoanza.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, anakaa upande wa Ramisi. Katika ndoa yangu yote sikuwa nimemtazama usoni. Si ugomvi, ni adabu ya watu wangu: mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani macho, hawali pamoja, na mwili hautajwi kati yao hata kwa mbali. Nikienda kumjulia hali, nakaa barazani, yeye anakaa ndani nyuma ya pazia, na mjukuu anakaa kizingitini kutupelekea maneno. Nikisema shikamoo, mjukuu anamwambia, "Bibi, shikamoo yako hii hapa." Yeye anasema marahaba, nami naisikia vizuri sana, lakini nangoja mpaka mjukuu anipe. Mgeni akituona angedhani mmoja wetu ni kiziwi.

Mjukuu aliyezoea kazi hiyo ni Mwanamisi, binti wa kaka ya mke wangu. Msichana mzima, ameolewa, anauza nguo Ukunda, na ananiita mjomba kwa heshima tu kwa kuwa nimemwoa shangazi yake. Siku moja alikuja nyumbani kwetu na kutusimulia kichekesho. Kulikuwa na siku ya uchunguzi wa saratani ya matiti, nesi alikuwa akiwauliza wanawake mmoja mmoja kama kwao kuna aliyeugua. Waliojibu ndiyo walipelekwa kwa daktari kuchunguzwa zaidi. Yeye alijibu hakuna, akapewa kijikaratasi chenye picha, akaenda zake kabla foleni haijasogea. Alicheka kwamba wenzake walikaa mchana kutwa.

Mke wangu Mishi alicheka naye. Mimi sikucheka.

Lazima niwaeleze ninyi msio wa huku. Sisi tunahesabu undugu hasa kwa mama. Watoto wa mama mmoja, wa dada zake, na wa bibi yao mzaa mama, ndio ukoo mmoja, tunauita fuko. Mtoto wa kaka ni mpenzi, ni damu, lakini fuko lake ni la mamake. Kwa hiyo Mwanamisi alipoulizwa kuhusu kwao, alijibu ukweli mtupu: kwa mamake hakuna aliyeugua. Shangazi yake Saumu aliyekufa kwa ugonjwa huo huo hakuingia kwenye jibu, kwa sababu Saumu ni wa fuko jingine. Mishi na wanawake wa fuko lake walikuwa wakichunguzwa kila mwaka tangu Saumu afariki. Hakuna aliyewahi kumfikiria Mwanamisi, wala mimi sikuwa nimemfikiria.

Nilimweleza Daktari habari hiyo kesho yake. Akaniuliza kabla ya Saumu aliugua nani. Nikasema sijui. Akasema mwenye kujua ni nani. Nikasema mama mkwe wangu. Akasema basi nenda ukamuulize, kana kwamba ananituma dukani. Nikamweleza habari ya pazia. Akafikiri, akasema pazia si ukuta. Watu wa bara wana ujasiri wao.

Ndipo nikaenda Ramisi, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, nimejitayarisha kumuuliza mama mkwe kuhusu matiti bila kutaja matiti. Bahati yangu, aliyekuwepo siku hiyo ni Mwanamisi mwenyewe. Sikuwa nimempangia. Alikaa kizingitini kama kawaida yake, akachambua mchicha huku akipeleka maneno.

Nilianza mbali. Nikauliza hali, nikauliza mihogo, nikauliza mbuzi. Kisha nikasema, mwambie bibi yako kwamba hospitali wanataka kujua wazee wa zamani waliugua nini. Nikasikia kutoka nyuma ya pazia sauti ya mtu akigeuka kwenye kitanda. Mwanamisi akapeleka. Jibu likarudi: wazee wa zamani waliugua uzee. Nikasema, mwambie nauliza hasa habari ya kifua. Bi Mwanatumu akauliza kikohozi? Nikasema si kikohozi. Akauliza pumu? Nikasema kifua cha mbele. Mwanamisi akaniangalia, akaangalia pazia, akasema kwa utaratibu kabisa, "Bibi, mjomba anauliza matiti, anaona haya."

Nilitamani ardhi inimeze na kanzu yangu yote. Bi Mwanatumu alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, ni kicheko kizito cha kiume. Kisha akaacha kucheka, na akaanza kujibu.

Akasema, kupitia kwa Mwanamisi, kwamba mama yake alikufa kwa donda la titi akiwa bado na mtoto wa kunyonya. Dada yake aliyeolewa Gazi naye hivyo hivyo. Saumu tunamjua. Akasema wazee waliujua ugonjwa huo siku nyingi, kwamba ni wa fuko, unateremka kwa wanawake kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kwa ajili hiyo kila alipomzaa mwana wa kiume alisujudu. Watoto wa wanawe hao watakuwa wa fuko jingine, na ugonjwa hautawajua.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "huyu anayekaa kizingitini ndiye niliyepona naye. Mabinti zangu nawatazama na moyo unanipiga. Huyu namtazama nalala usingizi."

Mwanamisi aliyarudia maneno hayo kwangu kwa sauti ya kawaida, ila alipofika "huyu anayekaa kizingitini" akatabasamu kidogo, maana anajua anapendwa. Mchicha ulikuwa mikononi mwake. Nilikuja kuuliza swali, nikajikuta nimeshika kisu, na sampuli ni ya nyumbani, na hapakuwa na Wafula wa kumpa.

Nikasema nikiangalia miguu yangu. "Mwambie bibi yako, hospitali wamegundua ugonjwa kama huo unaanza na jeni iliyoharibika, ile ya kurekebisha makosa ndani ya seli. Kila mtoto anapewa nakala moja na mama na nakala moja na baba. Baba anaweza kuibeba ile iliyoharibika, mara nyingi yeye mwenyewe asiugue, na akampa binti yake. Nusu kwa nusu. Jeni haina kuumeni wala kukeni."

Mwanamisi akageuka kwenye pazia. "Bibi, mjomba anasema jeni ile, baba anaweza kuibeba, halafu akampa..."

Akaishia hapo. Majani ya mchicha yalimponyoka. Nilijua mama mkwe amesikia tangu niliposema, maana husikia kila kitu, lakini kwa mara ya kwanza katika miaka yetu yote hakuna aliyekuwa wa kuyamalizia maneno.

Pazia likafunguliwa. Bi Mwanatumu akatoka, mwanamke mrefu aliyejifunga leso mbili, akapita kizingiti, akaja mpaka barazani akasimama mbele yangu. Nikageuza uso ukutani kwa adabu. Akanishika kidevu kama ashikavyo mtoto, akanigeuza. Nilimwona kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Saumu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Bakari," akasema, na jina langu hakuwahi kulitamka. "Leo sema na mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyempa Saumu?"

"Hukumpa wewe, mama. Nawe ulipewa."

"Na huyu, anayo?"

"Hatujui. Inajulikana kwa damu."

"Basi nitolewe mimi kwanza," akasema. "Yangu ikiwa safi, mwacheni mtoto wangu."

Nilimweleza kwamba hilo ndilo Daktari angetaka hata yeye, kwa sababu ukimpima mkubwa ukapata kosa liko wapi, kwa wadogo unajua pa kutazama. Mwanamisi alikuwa ameinuka. Hakulia. Aliokota mchicha wake mmoja mmoja, akauweka kwenye ungo, akasema kama bibi anakwenda yeye pia anakwenda, hakuna wa kungoja.

Safari ya hospitali ilikuwa na vituko vyake. Bi Mwanatumu hakuwa amewahi kutolewa damu na alimhoji kijana wa sindano kuhusu ukoo wake mpaka akagundua bibi yake ni wa Lungalunga, ndipo akatoa mkono. Wafula alimpokea kwa heshima zote alizozijua za pwani, akampa shikamoo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Daktari alikaa naye, akamweleza tena yale ya bibi wawili wa vigoda. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye mwenyewe amekuwa muonjaji wa kukeni harusi nyingi, na hakuwahi kusinzia. Daktari akamwambia hilo halina shaka.

Damu ilipelekwa mbali na majibu yakachelewa. Katika kungoja huko, mimi na mama mkwe tulikuwa tumeharibu pazia na hatukujua jinsi ya kulirudisha. Nikienda, alikaa barazani, mimi pia barazani, na tulitazama njia kwa pamoja tukizungumza kuhusu mvua. Mishi alisema tunafanana na watu wawili wanaongoja gari moja lakini hawajuani.

Majibu yalikuja. Bi Mwanatumu alikuwa na jeni iliyoharibika. Alikuwa amekwisha kupita miaka ambayo mama yake na dada yake hawakuifikia, na ugonjwa ulikuwa umemkosa. Daktari alisema huwa hivyo, kuwa nayo si lazima uugue, ila hatari inakuwa kubwa. Mwanamisi naye alikuwa nayo. Mke wangu alipimwa baadaye na hakuwa nayo, na niliona haya kwa furaha niliyoisikia, kwa sababu siku hiyo hiyo Mwanamisi alikuwa amekaa kwenye benchi letu la nje, ameshika karatasi, akiuliza kama ataweza kuzaa na kunyonyesha. Daktari alimjibu anaweza. Akampa utaratibu wa kuchunguzwa, kwa picha na kwa mikono, na mambo mengine ya kuamua pole pole pamoja na mumewe. Uchunguzi wa kwanza haukuona kitu. Wa pili uliona kijivimbe kidogo sana, kisichoshikika kwa vidole, kikakatwa. Kichupa chake kilipofika maabara sikukigusa. Wafula alikata, na alikata vizuri kuliko nilivyowahi kukata mimi. Ilikuwa saratani changa, kabla haijatembea. Alitibiwa akiwa mzima, na leo anauza nguo Ukunda, na ukipita dukani kwake bila kununua utajuta.

Lakini ninachotaka mwende nacho si hicho. Mwanamisi alipoanza matibabu, Bi Mwanatumu alituma watu. Fuko likikutana kwake, huitwa watoto wa mabinti. Safari hii aliita watoto wa wanawe wa kiume, wasichana wote, wa Ramisi, wa Lungalunga, hata mmoja aliyeolewa Mariakani. Walikuja wakiwa hawaelewi kwa nini wameitwa na bibi ambaye, kwa desturi, walikuwa wajukuu zake wa pembeni. Wengine walidhani ni msiba na wakaja na leso nyeusi. Daktari alikuwepo, nami nilikuwepo, nimekaa mbali kidogo kwa adabu iliyobaki. Bi Mwanatumu alisimama katikati ya uwanja wake bila pazia wala mjukuu wa kumpelekea maneno, akawatazama mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu.

"Nilimshukuru Mungu miaka yote kwamba nyinyi si wangu," akawaambia. "Nilikosea. Nyinyi ni wangu wote. Kaeni chini, mnisikilize."